Mafunzo ya Uigizaji kwa Wanafunzi wa Unesi, Kisumu: Yanafaa Kulipiwa, Ila Kipindi Kimoja Kifutwe

Nianze na bei, maana ndiyo wenzangu wa vyuoni huulizia kwanza. Ni shilingi 1,800 kwa kila mwanafunzi kwa siku, chai ya saa nne na chakula cha mchana vikiwemo. Kwa pesa hiyo unapata ukumbi mkubwa upande wa Milimani, vitanda vya hospitali, waigizaji, na wauguzi wawili wastaafu wanaoongoza mazungumzo. Kwa darasa zima hizo si pesa kidogo, hasa karo yenyewe ikilipwa kwa kuungaunga. Hata hivyo nasema zinafaa kulipwa. Kuna kipindi kimoja tu cha alasiri ambacho ningependa kifutwe kabisa, na nitaeleza kwa nini. Jina la kikundi naliacha, kwa kuwa ninachokipima hapa ni kazi, na yeyote anayetaka kuanzisha kazi ya namna hii Nakuru au Kakamega atafaidika vilevile.

Mimi ni mwalimu wa kliniki. Kazi yangu ni kufuatana na wanafunzi wa unesi wodini, kuwatazama wakihudumia wagonjwa, na kuwapa alama. Kabla ya hapo nilikuwa wodi ya wazazi kwa muda mrefu. Ukifanya kazi Kisumu hukosi kuona watu wa kila aina wakikutana kando ya kitanda kimoja. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, inapokea wagonjwa wa Siaya, Vihiga, Nandi, Homa Bay na kwingineko. Wanafunzi nao wanatoka Garissa, Makueni, Nyeri, Bungoma. Msichana wa miaka ishirini na mmoja anasimama mbele ya nyanya ambaye lugha yake haijui, ameshika faili mkononi na zamu inamngoja. Darasani alishasoma kuhusu utamaduni wa mgonjwa na akapita mtihani. Pale kitandani mtihani huo haumsaidii sana.

Wenye mafunzo haya wanachofanya ni kumtoa mwanafunzi kwenye daftari na kumweka ndani ya tukio. Kumtumia mtu mwenye afya aigize ugonjwa si jambo la jana. Daktari Howard Barrows alianza kufanya hivyo Los Angeles mwaka 1963. Tofauti ni kwamba waigizaji wa hapa ni akina mama na wazee wa mitaani, Nyalenda na Manyatta, watu ambao wamewahi kukaa kwenye benchi la kliniki kutoka asubuhi hadi jua kutua. Wanalipwa kwa kazi yao, nami niliuliza hilo mapema kwa sababu singekubali vinginevyo. Kila mmoja ana kadi inayoeleza yeye ni nani, anaumwa nini, anaogopa nini, na ni jambo gani hatalisema mpaka aulizwe vizuri.

Igizo la kwanza ndilo lililonishawishi. Mama mjamzito, mto umefungwa tumboni kwa leso, amekuja kliniki akiwa na mama mkwe wake. Kwenye kiti cha nesi yuko kijana wangu mmoja, makini sana, mwandiko safi. Anamuuliza kwa kufuata fomu: jina, umri, hedhi ya mwisho, umezaa mara ngapi, wangapi wako hai. Mama akanyamaza. Akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akaangalia sakafu na kuanza kukunja pindo la leso yake, akikunja na kukunjua. Kijana akadhani hajasikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mama akajibu, "Wanne." Kijana akaandika nne, akaendelea na swali linalofuata.

Kila mtu aliyekulia huku anajua kilichotokea hapo. Wazee wengi, Waluo kwa Waluhya, na hata ukienda Kati au Bonde la Ufa, hawapendi watoto wahesabiwe kwa sauti. Ni kama kuwaitia mabaya. Na swali la "wangapi wako hai" mbele ya mama mkwe ni kumvua mtu nguo hadharani. Kwenye kadi ya yule mama palikuwa na mimba nyingine iliyotoka ikiwa na miezi saba, na baada yake alivuja damu nyingi. Nesi asiyejua hilo anamwandikia mama huyu ajifungulie zahanati iliyo karibu na nyumbani, bila damu ya akiba na bila gari. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua akina mama wetu. Hapa ndipo wanafunzi walipoona kwamba kuheshimu mila ya mgonjwa si mapambo ya uungwana. Kilichokosekana kwenye faili ni taarifa ya matibabu yenyewe.

Utaratibu wao ni kwamba yeyote aliyekaa anaweza kupiga makofi, igizo likasimama, akachukua kiti cha nesi na kujaribu njia yake. Mbrazili Augusto Boal alifanya maigizo ya namna hii katika miaka ya 1970, mtazamaji akiingia jukwaani kubadilisha mambo, na hapa mbinu hiyo imekaa mahali pake. Msichana mmoja akapiga makofi. Alikuwa ameona kwamba tatizo ni mama mkwe, basi akamwambia, "Mama, tafadhali subiri nje." Mama mkwe akasimama kwa heshima, akachukua mkoba wake. Kijitabu cha kliniki kilikuwa ndani ya mkoba. Nauli pia. Mkaza mwana akashika tumbo, akainuka, akamfuata mlangoni. Ukumbi mzima ukanyamaza, kwa maana wote waliona ni nani hasa aliyemleta mgonjwa na ni nani atakayeamua kama atarudi mwezi ujao.

Wa tatu alitoka Busia. Hakuanza na mgonjwa. Alimsalimia mama mkwe kwanza, akamuuliza habari za nyumbani na za mvua, akamshukuru kwa kumleta binti yake mapema. Kisha akasema, "Mama, wewe umetembea, pumzika hapo kwenye benchi la dirishani, mimi nampima presha na uzito kwenye pazia halafu nakuja tuzungumze sote." Nyuma ya pazia akavuta kiti, akakaa, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nisimulie habari za uzazi wako tangu mimba ya kwanza." Mama akasimulia. Hakutaja hesabu yoyote, na msichana hakuitaka. Aliihesabu mwenyewe kimoyomoyo huku akiandika. Damu ikatajwa. Yote hayo yalikwisha kabla hata mwanafunzi wa kwanza hajamaliza kunyoosha miguu.

Baada ya igizo muuguzi mstaafu hakumgeukia mwanafunzi. Alimgeukia mama mwenye mto tumboni: "Wewe uliyekaa kitini, ulisikia nini?" Mama akaeleza, bila kumlaumu mtu, kwamba mara ya kwanza alijisikia kama anaandikwa polisi. Swali hilo kuulizwa mgonjwa kwanza ndilo lenye thamani ya shilingi 1,800 zote. Mwalimu angesema maneno hayohayo, wanafunzi wangeyaandika na kuyasahau. Aliyesema ni mama mwenyewe.

Lakini kilichonigusa zaidi ni pale walipobadilishana nafasi, mwanafunzi akalala kitandani naye mwigizaji akavaa koti la nesi. Sijaona mafunzo mengine ya huku yakifanya hivyo kwa uzito kama huu. Msichana mmoja wa darasa langu, wa kutoka Kati, alikuwa na mazoea ya kucheka akisikia wagonjwa wakitaja chira. Kwa msomaji asiye wa huku, chira ni maradhi yanayoaminika kumpata mtu au nyumba iliyovunja mwiko, mtu akakonda na kudhoofika, na dawa yake ni manyasi ya kunywa. Ukimwi ulipoingia Nyanza, wengi waliuona kwa macho hayo, kwa sababu dalili zilifanana. Msichana alipewa kadi ya mwanamke anayeishi na virusi, aliyeacha dawa za ARV kwa kuwa watu wa boma la mume walisema ni chira na wakamletea manyasi.

Akalala. Mwigizaji mwenye koti jeupe akasimama juu yake, akafungua faili, akaanza: mbona umeacha dawa, hujui virusi vinaongezeka, nani aliyekwambia mambo ya kienyeji yanatibu, unataka kuwaachia nani watoto. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno nimewahi kulisikia wodini. Msichana alivuta shuka mpaka kidevuni. Mwanzoni alijaribu kujibu. Kisha akaanza kusema "ndiyo, sista". Akaulizwa atarudia dawa, "ndiyo, sista". Atatupa manyasi, "ndiyo, sista". Nesi akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameshauriwa na amekubali, akaenda kitanda kinachofuata.

Alipoulizwa alisikia nini, msichana alisema kwamba alikuwa anasema ndiyo ili yule mtu aondoke. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba amewahi kuandika "amekubali" kwenye mafaili mengi.

Ndipo muuguzi mstaafu akarudia igizo kwa njia nyingine, yeye mwenyewe akiwa nesi. Alivuta kiti. Aliuliza mambo matatu tu: unaona ugonjwa huu umetoka wapi, kwa nini umekuja wakati huu, na unaogopa nini zaidi. Ni maswali ya ukoo mmoja na yale ambayo Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwafundisha madaktari kuwauliza wagonjwa wao. Msichana akajibu kutoka kwenye kadi, lakini sauti yake ilikuwa yake. Haogopi kufa. Anaogopa kwamba asipokunywa manyasi halafu mtoto akaugua, atalaumiwa yeye na boma zima. Sasa nesi ana kitu cha kushika. Hakumkataza mila za nyumbani. Alimuuliza hayo manyasi yametengenezwa na nini, akamwomba aje nayo au ataje miti yake ili daktari ajue kama yanagongana na dawa, akamwambia wazi kwamba ARV hazipumzishwi hata siku moja, akauliza ni nani katika boma anayeweza kuja naye kliniki ijayo. Hayo ni matibabu. Nimewaona wataalamu wakubwa wakishindwa kufika hapo.

Walichokisoma wanafunzi darasani kwa Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani aliyesomea anthropolojia na kuanzisha uuguzi unaovuka tamaduni, ni kwamba mbele ya desturi ya mgonjwa nesi ana njia tatu: kuidumisha, kupatana juu yake, au kumsaidia mgonjwa kuibadilisha. Wote wanaweza kuzitaja. Siku hii walizifanya. Familia inayotaka kondo la nyuma likazikwe nyumbani: funga vizuri, eleza kuhusu damu, wape. Mzee mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani: keti naye na daktari kabla ya mwezi kuandama, muone kama mwili wake unaweza, mpange saa za dawa, na mkumbushe kwamba dini yake yenyewe inamruhusu mgonjwa asifunge. Nyanya anayepaka udongo kwenye kitovu cha mtoto mchanga: hapo lazima pabadilike, maana pepopunda haina huruma, lakini mpe jeli ya klorheksidini aipake yeye kwa mkono wake, asinyang'anywe nafasi ya kumtunza mjukuu. Haya yalikwenda haraka na vizuri, sina la kuongeza.

Sasa kile kipindi cha alasiri. Kinaitwa safari ya makabila, na ndicho doa la siku nzima. Waigizaji walewale waliokuwa na kadi zenye watu kamili sasa wakavaa mashuka, kofia na vilemba, wakaigiza lafudhi. Mmaasai hataki hiki, Msomali haruhusu kile, Mkisii ni hivi, Mturkana ni vile. Wanafunzi walicheka sana, na walikuwa wakiandika huku wanacheka. Mmoja wa wanafunzi wangu ni wa jamii ya wafugaji. Alikuwa amechangia tangu asubuhi. Kipindi kile hakufungua mdomo, na alitazama simu yake mpaka mwisho. Nililiona hilo na liliniumiza.

Kosa la kipindi hiki halimalizikii kwenye kuwavunjia watu heshima. Kinabomoa kile kilichojengwa asubuhi. Asubuhi mwanafunzi alijifunza kuuliza. Alasiri anapewa orodha ya majibu ili asiulize tena. Ukipita Manyatta milango mitano iliyofuatana, wa kwanza ni wa kanisa la Legio Maria, wa pili Msabato, wa tatu wa kanisa la Roho, wa nne ni kijana aliyekulia Nairobi na Kijaluo chenyewe kinampiga chenga, wa tano ni Shahidi wa Yehova anayekataa kuongezewa damu, na suala hilo halihusiani na kabila lolote. Wote ukiwaandika Mluo umewapoteza wote. Melanie Tervalon na Jann Murray-García waliandika mwaka 1998 kwamba mhudumu wa afya anahitaji unyenyekevu wa kuendelea kujifunza kwa mgonjwa na kujichunguza mwenyewe maisha yote, si kujihesabu amehitimu utamaduni wa watu. Wenye mafunzo wanalijua hilo, kwa sababu asubuhi yote waliishi hivyo. Niliwaambia baada ya kipindi. Walisema wanafunzi hukipenda kuliko vyote. Sishangai kwamba wanakipenda, lakini mimi nawalea wauguzi, na kwangu hicho si kipimo.

Dosari nyingine ni ya saa. Kwa kuwa safari ya makabila ilikula muda, igizo la mwisho lilipewa mazungumzo ya kukimbizana, watu wamekwisha kuvaa mabegi. Lilikuwa igizo zito, la mama aliyezaa mtoto mfu na familia inayotaka kumchukua mtoto upesi wakati mama mwenyewe anataka kumshika kwanza. Kwa maoni yangu igizo la dakika kumi linadai mazungumzo ya dakika ishirini. Bila mazungumzo mwanafunzi anabaki na uchungu bila kujua aufanyie nini. Katika hilo nawasifu kwa jambo moja: kila mwigizaji akimaliza alivua leso ya igizo, akataja jina lake halisi kwa sauti, akanywa maji, na ndipo akakaa na wenzake. Na tangu asubuhi walikuwa wametangaza kwamba mwanafunzi aliyefiwa karibuni anaweza kuikataa kadi yoyote bila kutoa sababu. Wapo waliokataa, na hakuna aliyewauliza.

Kuna swali moja la wanafunzi ambalo halikujibiwa, na lilikuwa swali la haki. Kijana mmoja aliuliza: haya yote ni mazuri, lakini usiku niko nesi mmoja wodini, akina mama wamelala wawili kitandani, nitavuta kiti saa ngapi? Waongozaji walisema jambo la moyo na kupita. Hapana. Jibu lipo na linaweza kuigizwa. Wekeni igizo la wodi iliyojaa, simu ikilia, mama mwingine akiita, dripu ya tatu imeisha, halafu mwanafunzi ajue ni swali gani moja analoweza kuuliza akiwa anafunga dripu. "Unaogopa nini zaidi" linaulizika mtu akiwa amesimama na mikono ina kazi. Wanafunzi wakifunzwa heshima inayohitaji wodi tupu, wataiacha siku ya kwanza ya kazi.

Nimekuwa nao wodini tangu wakati huo. Wapo waliorudia mazoea ya zamani zamu ikiwa nzito. Wapo pia ambao wamebadilika mbele ya macho yangu. Yule msichana wa "ndiyo, sista" sasa hamalizi ushauri bila kumwomba mgonjwa amweleze kwa maneno yake atakachofanya akifika nyumbani, na mgonjwa akitikisa kichwa tu, hasogei. Kwenye ripoti ya zamu nimemsikia akisema, "Hajakubali bado, ana wasiwasi na mama mkwe, nitarudi saa kumi." Miaka niliyokaa kazini, ripoti ya namna hiyo kutoka kwa mwanafunzi nimeisikia mara chache mno.

Kwa anayetaka kupeleka darasa: wasizidi ishirini na wanne, la sivyo nusu watageuka watazamaji na kitanda hawatakifikia. Sisitiza kila mwanafunzi alale kitandani walau mara moja, maana wasiposukumwa wote hukimbilia koti la nesi. Omba kadi mapema uzisome, uone kama zinaendana na wodi watakazokwenda. Ukumbi una joto kali kuanzia saa saba na feni ni moja, basi waje na maji. Darasa langu lijalo nimelikatia nafasi, malipo ya awali nimetoa, na nimewaandikia kwamba alasiri yote nataka igizo la wodi iliyojaa na mazungumzo ya kutosha juu ya mama aliyempoteza mtoto. Safari ya makabila wakiiweka tena kwenye ratiba, nitawarudisha wanafunzi wangu chuoni saa ya chakula cha mchana na nitadai pesa za nusu siku.